Mitego ya Mahameni

Wanangu, watu wakisikia askari polisi ameumia kazini hudhani kapigwa risasi na jambazi. Mimi, tangu siku niliyopewa kaptula ya khaki hadi siku niliyorudisha suruali ya mwisho stoo, sikupata kushambuliwa na mtu niliyemwona uso. Vilivyotuumiza vilikaa kimya vikitungoja: gunia, kamba, chungu, mlango. Mliponiomba juzi niwasimulie upekuzi wa bangi wa zamani nilisita. Sijasahau. Nimechoka nazo tu, hizo habari. Lakini ninyi ndio mnaoingia nyumba za watu sasa, mimi nimebaki kuingia hii yangu hapa Isevya, Tabora mjini. Basi sikilizeni, na nikiruka huku na huku mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa mshona kanzu, na pori nililijua kwa asali yake tu, iliyokuja sokoni kwenye madebe. Niliajiriwa miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati maofisa wa Kizungu wanafunga masanduku yao na sisi tunajifunza kupigiana saluti wenyewe kwa wenyewe. Kazi yangu ya kwanza ya bangi ilikuwa stesheni ya Tabora, kupekua mizigo ya wasafiri wa kwenda Dodoma na Dar es Salaam. Nikaona gunia la karanga limekaa peke yake. Nikaona sifa ziko karibu. Nikazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Mtego wa panya ulinishika vidole viwili. Nilipiga ukelele hata muuza chai akaangusha birika. Mwenye gunia, bwana mmoja wa heshima mwenye kofia ya viua, akaapa kwamba ghala lake lina panya na mtego umeingia humo kwa bahati mbaya. Tukamwaga karanga zote sakafuni. Chini yake kulikuwa na bangi iliyofungwa kwa majani makavu ya migomba.

"Na huyu naye ni panya?" Koplo Luhende akamuuliza.

Huyo Luhende ndiye aliyenifundisha kazi. Alitoka Lusu, upande wa Nzega, na baba yake alikuwa mrina asali na mtega wanyama. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ile alinifunga vidole kwa leso yake, watu wa stesheni wakiendelea kunicheka, akaniambia, "Athumani, mkono huo ni wako, si wa serikali. Serikali ina mikono mingi."

Mafunzo yake hayakuwa ya darasani. Tukifika kwenye mji wa mtu alisimama uani akasalimia kirefu. Akauliza mvua, akauliza ng'ombe, akauliza wagonjwa. Mimi nimeshika pingu, jasho linanitoka, naona anachelewesha kazi. Kumbe anatazama. Alitazama kuku: penye punje zimemwagika na kuku hawasogei, pana jambo. Alitazama utando wa buibui: mlango wenye utando hautumiki, sasa wenyewe wanaingilia wapi? Alitazama uwanja: kwa nini umefagiliwa wote isipokuwa kipande kile? Akimaliza ndipo anamwambia mwenye nyumba kwa adabu, "Mzee, kwako ni kwako. Tangulia." Asiye na hila alitangulia. Mwenye hila alikumbuka ghafla kwamba goti linamuuma.

Hata hivyo naye hakuwa malaika wa kujua kila kitu. Kuna kijumba kimoja porini tulikwenda askari wanne pamoja na balozi wa nyumba kumi, maana siku zile hukupekua bila balozi kushuhudia. Luhende akaona kamba imevutwa chini ya kizingiti, akatuonyesha, sote tukairuka kwa uangalifu kama watu wanaovuka mto. Hakuna aliyeinua macho. Kulikuwa na kamba ya pili juu, na juu ya hiyo kamba mzinga mzima wa nyuki.

Nyuki hawajui cheo, wanangu, wala hawaoni haya na kaptula. Tulikimbia hadi kwenye dimbwi la ng'ombe, tukazama na kofia zetu, na aliyefika wa kwanza alikuwa Luhende. Nilipotoa kichwa majini nikamwona uso umevimba kama andazi, anacheka mpaka anakohoa. "Baba angenichapa," anasema, "mtoto wa mrina asali!" Tuliporudi siku ya pili bangi ilishahamishwa, na mwenye nyumba alishakuwa msafiri. Tukaandika ripoti fupi sana.

Hayo ni ya kucheka. Natamani yangekuwa hayo tu.

Walipohamishiwa watu vijiji vya ujamaa, wengine wakienda kwa hiari na wengine wakipakiwa kwenye malori pamoja na milango na mapaa yao, nyuma yao yalibaki mahame. Hamjayaona mahame ya wakati ule. Kuta zisizo na paa, mipapai inayozaa bila mlaji, mafiga jikoni yamekaa vilevile matatu yanangoja sufuria. Na penye zizi la zamani udongo ulikuwa mweusi kwa mbolea ya miaka mingi. Mtu akipanda kitu hapo kinaota kwa fujo. Basi wakulima wa bangi walirudi mahameni kimyakimya. Hakuna jirani, hakuna mjumbe, hakuna njia ya gari.

Sehemu mbaya zaidi ilikuwa upande wa Tura, kwenye reli mashariki ya Tabora. Wazee wa misafara waliliita pori lile Mgunda Mkali, kwa kuwa wapagazi walikufa humo kwa kiu wakiwa wamebeba pembe mabegani. Reli ilipokuja ilifuata karibu njia ileile, na bangi nayo ikafuata reli. Ilitoka porini kwa baiskeli, ikapanda treni Tura, ikaamkia Dar es Salaam.

Tulishuka Tura asubuhi, Luhende na mimi, tukamchukua balozi wa kijiji cha jirani, mtu mzima aliyejua kila hame kwa jina la aliyehama. Ulikuwa mwezi wa jua kali kabla ya mvua, wakati ardhi imepasuka na hata mbung'o wamechoka. Tukatembea. Maji tuliyobeba kwenye vibuyu yalikwisha kabla hatujafika. Balozi akasema mbele kuna kisima, tukakikuta kimekauka. Tukaendelea.

Hame lenyewe lilikuwa na kibanda kimoja kilichoezekwa upya, na nyuma yake bangi imesimama kijani kibichi katikati ya nchi iliyokauka. Hapakuwa na mtu. Luhende akafanya kama kawaida yake, ingawa mara hii hakukuwa na wa kumsalimia. Akatembea polepole akitazama chini. Akakuta mtego wa chuma, ule wa kukamatia fisi, umefunikwa majani njiani. Akaufyatua kwa gogo. Akakuta shimo lenye vigingi, limetandazwa mabua. Akalizungushia matawi. Akarudi kwetu, akafuta uso kwa mkono wa shati, midomo yake imekauka mpaka imeweka ukoko mweupe. "Huyu mtu ana akili," akasema. "Ngojeni nipumzike kidogo kabla ya mlango."

Chini ya kivuli cha paa kulikuwa na mtungi wa maji, na juu yake kata.

Ninyi wa mjini labda hamjui. Kwa watu wa huku, maji yaliyowekwa nje ni ya mpita njia. Hata adui yako hukumnyima maji. Mtu anaweza kukufukuza uwanjani kwake, lakini kwanza unywe. Luhende alizaliwa katika desturi hiyo, akaikuta mtungini kama mtu anavyomkuta ndugu. Akanyoosha mkono wa kulia akainua kata.

Gobore lilikuwa limefichwa ndani ya nyasi za paa, uzi wake umefungwa kwenye kata. Nilisikia mlio, nikaona moshi, na katikati ya moshi nikamwona Luhende amekaa chini anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Tulikata miti, tukavua mashati, tukatengeneza machela. Balozi alikuwa amezeeka, lakini alibeba njia nzima bila kuomba kupokewa. Luhende hakulalamika maumivu. Njiani akaniita kwa sauti ndogo.

"Athumani."

"Naam, Koplo."

"Yule mtu ametega maji."

"Nyamaza, ndugu yangu, usijichoshe."

"Ametega maji," akasema tena, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Mkuu wa stesheni ya Tura alisimamisha treni ya mizigo kwa bendera nyekundu, jambo ambalo lingeweza kumtia matatani, na tukamlaza Luhende kwenye behewa la nyuma. Tabora hospitalini walimkata mkono juu kidogo ya kiwiko. Alipopona alipewa karatasi zake za kustaafu, akarudi kwao Lusu. Siku ya kumsindikiza kwenye basi alitaka kunipigia saluti, akakumbuka.

Balozi alikuwa amelitambua lile gobore. Lilikuwa la marehemu mzee mmoja, na mwanawe aliitwa Machibya. Machibya alikataa kukaa kijijini walipohamishwa, akarudi porini, akaacha mama yake nyumba ya tatu kutoka kwenye ofisi ya kijiji. Mama huyo aliitwa Nyamizi. Nilimwendea mara nyingi mno. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilihitaji mahali pa kukaa.

"Mwanao yuko wapi?"

"Simjui aliko, baba."

"Hujamwona?"

"Nimeota ndoto zake tu."

Kila nilipofika alinipa maji. Tangu habari za Tura zienee, kabla hajanipa kata alikunywa yeye kwanza, mbele yangu, kisha akaifuta ukingo kwa kiganja na kunipokeza. Mara ya kwanza sikuelewa. Nilipoelewa, niliimaliza ile kata mpaka tone la mwisho.

Mvua zikanyesha zikakatika. Mtama ukasimama. Ikaja habari kwamba Machibya amejenga kwenye hame jingine, la ndani zaidi. Nikaondoka na askari mwenzangu, Hassani, mtu wa Ujiji mwenye haraka na miguu mizuri, na balozi wetu yuleyule. Nilimwonya Hassani njia nzima: usiguse, usinywe, usikae. Akacheka, akasema basi na kupumua niombe ruhusa.

Tulipotokeza kwenye uwanja, Mama Nyamizi alikuwa ameketi chini mlangoni, mgongo wake ukiuelekea mlango, miguu ameinyoosha mbele kama mtu anayeanika miguu juani.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa lugha yake, maana ndivyo mama anavyoitwa huku.

"Mwangaluka. Simameni papo hapo mlipo."

"Mayu, tuna kazi ya serikali."

"Najua. Ndiyo maana nimetangulia."

Nikamgeukia balozi. Balozi akatazama viatu vyake. Nikajua nani aliyempelekea habari.

"Nyuma yako kuna nini?" nikamuuliza mama.

"Sijui ni nini. Ila kipo. Mwanangu hafungi mlango bila kuacha kitu."

"Basi ondoka hapo pole pole, uje huku kwetu. Tutabomoa ukuta wa nyuma."

"Na nyuma mnajua kuna nini?"

Akageuza uso kuelekea shamba la mtama lililozunguka uwanja, akapaza sauti. Alisema kwa Kinyamwezi. Mimi nawapa kwa Kiswahili, na maneno yanapoa kidogo.

"Machibya! Uko humo, unanisikia! Yule askari wa Tura alizaliwa na mtu. Umemkata mkono. Sasa mimi nikienda kisimani wanawake wananipisha, hawataki ndoo yangu iguse zao. Nimenyamaza. Lakini hawa watatu wakiingia hapa mmoja atakufa, na wewe watakunyonga. Mwenye bangi hufungwa akarudi. Muuaji harudi. Njoo utegue kitu chako!"

Mtama ulitikisika kwa upepo tu. Njiwa wakalia. Mama akangoja, kisha akainuka kwa kujishika magoti, akageuka, akaweka kiganja juu ya mlango.

"Usipokuja," akasema, safari hii bila kupaza sauti, "nafungua mimi."

Hassani akapiga hatua. Nikamkamata mkanda nikamrudisha. Niliona mabega madogo ya yule mama ndani ya kanga, nikaona mlango umeanza kusogea, ukisogea upana wa kidole.

"Mama! Toka hapo!" Sauti ilitoka kwenye mtama, ya kupasuka. "Toka, mama, litakuua!"

"Basi njoo."

"Toka kwanza!"

"Njoo."

Akaja. Wanangu, kwa miezi yote ile nilikuwa nimejichorea jitu. Aliyetoka ni kijana mwembamba mwenye shati lililochanika begani, mikono mitupu ameinyoosha mbele, analia waziwazi kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakututazama hata sisi. Alimtazama mama yake mkono. Akazunguka nyuma ya nyumba, tukamsikia anapenya mahali, tukasikia anahema ndani na kitu kinawekwa chini taratibu.

"Tayari," akasema.

"Fungua wewe," nikamwambia.

Akafungua. Gobore jingine lilikuwa limelala sakafuni, na nyuma yake magunia ya bangi yamepangwa mpaka darini. Nikamfunga pingu. Ufunguo nikampa Hassani augeuze. Nilikuwa nimejiahidi kwamba siku nikimpata nitamwambia maneno. Nilikuwa nimeyatunga, nimeyanoa. Sikuyaona tena. Mama yake alifunga kanga yake upya kiunoni, akatangulia njiani, nasi tukafuata nyuma yake mpaka kijijini.

Wajukuu zangu huniambia siku hizi mna mbwa wa kunusa na vifaa vya kila namna. Vizuri. Natamani tungekuwa navyo. Lakini msije mkafikiri mtego ni kamba na chuma. Nimeingia nyumba nyingi baada ya hapo, na kila nyumba ilikuwa na kitu alichokiweka mtu aliyeogopa. Ukikumbuka kwamba ameogopa, utakwenda taratibu. Ukikumbuka tu kwamba ni mhalifu, utakwenda haraka. Wenzangu waliokwenda haraka nimewabeba.

Machibya alifungwa kifungo kirefu kwa ajili ya bangi na kwa ajili ya mkono. Siku ya hukumu Mama Nyamizi alikaa nje ya mahakama ya Tabora mpaka watu wote wakaondoka. Nilipotoka akanifuata. Alikuwa na furushi.

"Nipeleke kwa yule," akasema.

Nilijua ni nani. Nilimwambia ni mbali. Akasema ametoka mbali vilevile. Tukapanda basi hadi Nzega, kisha tukapata tela la ng'ombe, na mwisho tukatembea, mimi nikimbebea furushi na yeye akinikataza kulitikisa. Njia nzima tulizungumza habari ya mvua.

Luhende tulimkuta shambani kwake Lusu, amebana mpini wa jembe kwapani upande usio na mkono, anapalilia karanga kwa ule mwingine. Alikuwa anafanya polepole mno. Aliponiona akatabasamu, kisha akamwona aliyefuatana nami, na nadhani alimjua kabla sijatamka jina. Akaweka jembe chini. Akanyoosha mkono wa kushoto, akaurudisha kwa aibu, maana mkubwa hasalimiwi kwa kushoto.

"Shikamoo, mayu. Nisamehe, wa kulia sina."

Yule mama akaupokea ule wa kushoto kwa mikono yake miwili, akapiga goti kwenye matuta. Mama mzima, mbele ya mtu wa rika la mwanawe. Luhende akamwinua kwa nguvu, akimwambia hapana, hapana, mayu, si hivyo. Walishikana hapo mpaka nikaona nigeuke nitazame mahali pengine.

Ndani ya furushi kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani. Mke wa Luhende akaichemsha, akaisonga na karanga, tukala pamoja uani. Hakuna aliyetaja Tura. Mwishoni Luhende, akiwa na tonge mkononi, akauliza.

"Mayu, Athumani aliniandikia kwamba uliweka mkono mlangoni. Kijana asingetokea, ungefungua?"

Mama Nyamizi alitafuna kwa muda, meno yake yalikuwa machache.

"Ningefungua," akasema. "Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Ukichoka sana mlango unakuwa mlango tu."

Luhende akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa.

"Na mimi siku ile nilikuwa nimechoka," akasema. "Niliona maji tu."

Wakaendelea kula wote wawili. Mimi nikanawa, nikaaga, mayu nikamwacha pale kwao, nikashika njia ya kurudi Nzega kuwahi basi, kwa kuwa siku ya pili yake tulikuwa na nyumba nyingine ya kupekua.